Kuongoza Kisichoonekana: Upimaji na Udhibiti wa Miale ya Chembe katika Vichapuzi

Utangulizi

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya wana wa pwani hutukumbusha kwamba chombo kikatacho mawimbi bila kuzama kimepitia mikononi mwa fundi aliyekipima kila ubao. Hali ni iyo hiyo kwa mitambo mikubwa ya sayansi ya kisasa, ingawa kinachoelea humo si jahazi bali ni chembe ndogo zisizoweza kuonekana kwa jicho wala kwa hadubini.

Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 2008, katika chumba cha waongozaji karibu na mji wa Geneva, wanasayansi walikuwa wameikodolea macho skrini moja. Madoa mawili madogo ya nuru yalipojitokeza humo, ukumbi mzima ulishangilia. Doa moja lilikuwa alama ya protoni zilizoingia mtamboni. La pili lilikuwa alama ya protoni hizo hizo zilizorejea mahali zilipoanzia baada ya kuzunguka kilomita 27 chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa. Hakuna aliyeziona protoni zenyewe. Walichokiona watu wale ni kipimo tu, na kwa kipimo hicho walijua kwamba mtambo wao, uitwao LHC, ulikuwa umetii.

Makala haya yanaeleza jinsi miale ya chembe inavyopimwa na kudhibitiwa ndani ya vichapuzi, kuanzia maabara kubwa za fizikia hadi mitambo ya kutibu saratani hospitalini. Hoja kuu ni kwamba mwale hauwezi kuongozwa kupita kiasi unavyopimwa, na kwamba kipimo hakina faida iwapo anayekisoma haelewi kinasema nini. Hoja hii ya pili inamhusu pia mwanafunzi wa lugha, kama itakavyodhihirika mwishoni.

Kichapuzi na Mwale Wake

Kichapuzi ni mtambo unaoziongezea kasi chembe zenye chaji ya umeme, kama vile elektroni na protoni. Jina lenyewe limetokana na kitenzi ‘chapuza’, kwa njia ile ile iliyozaa ‘kiongozi’ kutokana na ‘ongoza’. Kazi ya kichapuzi hufanywa na nyenzo mbili. Ya kwanza ni uga wa umeme, ambao huzisukuma chembe mbele na kuziongezea nishati. Ya pili ni uga wa sumaku, ambao hauongezi nishati bali huipinda njia ya chembe. Kundi la chembe zinazosafiri pamoja kuelekea upande mmoja ndilo liitwalo mwale.

Mnamo 1932, John Cockcroft na Ernest Walton walifaulu kupasua viini vya atomi za lithi mjini Cambridge, Uingereza, kwa kutumia protoni zilizochapuzwa. Walton alitambaa hadi kwenye kibanda kidogo chini ya mtambo, akachungulia kwa hadubini kiwambo kilichopakwa kemikali inayometa inapogongwa na chembe. Kila cheche ilikuwa ushahidi kwamba kiini kimoja kilikuwa kimepasuka. Kwa hivyo tangu mwanzo mambo mawili yalikwenda sambamba: mtambo wa kuchapuza na kifaa cha kuonyesha matokeo ya uchapuzaji. Katika miaka hiyo hiyo, Ernest Lawrence alikuwa ameunda nchini Marekani kichapuzi cha mviringo ambacho cha kwanza kilitoshea kiganjani mwa mtu.

Mtambo wa LHC ni mjukuu wa vitoto hivyo. Kwa mujibu wa usanifu wake, kila mmoja wa miale yake miwili hugawanywa katika vishada 2,808, na kila kishada huwa na protoni takriban bilioni 115. Vishada hufuatana kwa nafasi ya sehemu 25 za bilioni ya sekunde. Kila protoni hulizunguka bomba mara 11,245 kwa sekunde moja. Mwale ukidumu kwa saa kumi, protoni zake huwa zimesafiri zaidi ya kilomita bilioni 10, umbali unaotosha kwenda hadi sayari ya Neptuni na kurudi. Katika safari yote hiyo haziruhusiwi kuligusa bomba, ambalo upana wake ni sentimita chache tu. Ndani ya bomba hilo hamna hewa, mna ombwe, maana hewa ingezitawanya protoni kabla hazijafika popote.

Kuupinda na Kuukusanya Mwale

Ili mwale uifuate njia ya mviringo, LHC imewekewa sumaku 1,232 za ncha mbili, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 15. Sumaku hizi hupozwa kwa heliamu ya maji hadi nyuzi 1.9 tu juu ya sifuri halisi, yaani takriban nyuzi 271 chini ya sifuri ya Selsiasi. Katika baridi hiyo, nyaya zake hupitisha umeme bila ukinzani wowote.

Hata hivyo, kupinda njia hakutoshi. Protoni zina chaji ya aina moja, hivyo husukumana. Isitoshe, hakuna protoni mbili zinazoanza safari zikiwa na mwelekeo ule ule kabisa. Bila ya kukusanywa, mwale ungetawanyika kama mchele uliomwagwa sakafuni. Kazi ya kuukusanya hufanywa na sumaku za ncha nne. Sumaku ya namna hii ina tabia ya kutatiza: inapoubana mwale kwa upande wa kushoto na kulia, huutanua kwa upande wa juu na chini. Ufumbuzi ulichapishwa mwaka wa 1952 na Ernest Courant, Stanley Livingston na Hartland Snyder wa maabara ya Brookhaven, Marekani. Walionyesha kwamba sumaku hizo zikipangwa kwa zamu, moja ikibana inakotanua nyingine, matokeo ya jumla ni kubana pande zote. Baadaye ilibainika kwamba Nicholas Christofilos, mhandisi aliyefanya kazi na kampuni ya lifti mjini Athens, alikuwa amekwisha kuligundua jambo hilo kabla yao.

Kutokana na mpangilio huu, chembe haipiti katikati ya bomba moja kwa moja. Huyumba kushoto na kulia, juu na chini, kama mlevi anayerudishwa barabarani kila anapokaribia mtaro. Idadi ya mayumbo hayo katika mzunguko mmoja ni kipimo muhimu mno. Katika LHC idadi hiyo ni takriban 60 na sehemu ya desimali, na usalama wa mwale umo katika desimali hiyo. Iwapo idadi ingekuwa namba kamili, chembe ingelifikia kila kosa dogo la sumaku ikiwa katika hali ile ile kwa kila mzunguko. Mtoto aliye kwenye bembea akisukumwa kidogo kila anaporudi, hupanda juu zaidi na zaidi hata kama anayemsukuma hana nguvu. Vivyo hivyo, kosa dogo linalorudiwa mara elfu kumi na moja kwa sekunde lingeurusha mwale ukutani kabla ya kufumba na kufumbua.

Idadi ya mayumbo hupimwaje? Mwale hupigwa kikumbo kidogo, kisha vifaa husikiliza jinsi unavyotikisika. Fundi wa udi hufanya jambo lilo hilo anapougusa uzi wa chombo chake, akasikiliza, kisha akaukaza au kuulegeza. Tofauti ni kwamba mwongozaji wa mwale hukaza mikondo ya umeme iingiayo katika sumaku.

Macho ya Mtambo

Vifaa vya kupimia mwale vimegawanyika katika makundi mawili makuu: vile vinavyouharibu mwale na vile vinavyouacha uendelee na safari.

Katika kundi la kwanza kuna kiwambo kinachometa, ambacho ndicho kilichotoa madoa mawili ya Septemba 2008. Kiwambo huonyesha umbo na mahali pa mwale, lakini chembe zinazokipita huvurugika. Kwa hiyo hufaa mwanzoni, mwale ukiwa dhaifu, kisha huondolewa njiani. Kuna pia kikombe cha Faraday, kilichopewa jina la mwanasayansi Michael Faraday. Hiki huzinasa chembe zote na kuihesabu chaji yao. Hutoa jibu la wazi, ila baada ya jibu hilo hakuna mwale uliosalia.

Katika kundi la pili, kifaa mashuhuri ni kipima-mahali. Vibamba vinne vya chuma hutiwa kwenye ukuta wa bomba: juu, chini, kushoto na kulia. Kishada kinapopita, chaji yake huamsha mkondo mdogo wa umeme katika kila kibamba. Mwale ukiwa katikati kabisa, mikondo yote huwa sawa. Ukiegemea upande mmoja, kibamba cha upande huo hutoa mkondo mkubwa zaidi. Kwa kulinganisha mikondo hiyo, mahali pa mwale hujulikana bila kuuzuia. LHC ina vipima-mahali zaidi ya elfu moja, na kompyuta huvisoma kisha zikasahihisha njia kwa kutumia sumaku ndogo za kurekebishia.

Manufaa ya vifaa hivi yalidhihirika mwaka wa 1996 katika LEP, kichapuzi cha elektroni kilichotumia handaki hilo hilo kuanzia 1989 hadi 2000. Mtambo ulipowashwa baada ya mapumziko ya matengenezo, mwale ulikataa kuzunguka. Vipimo vilionyesha sehemu ambapo chembe zilikuwa zikipotea. Bomba lilipofunguliwa mahali hapo, zilikutwa chupa mbili tupu za bia. Kama si vipimo, mafundi wangalazimika kuyapekua mabomba ya kilomita 27.

Baina ya makundi hayo mawili kuna waya wa kupekua. Huu ni uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele, ambao hurushwa kukatiza mwale kwa kasi ya takriban mita moja kwa sekunde. Chembe chache zinazougonga huzaa chembe nyingine ambazo huhesabiwa, na hesabu hiyo huchora unene wa mwale. Kasi ni ya lazima, kwani waya ukikawia utaungua. Aidha, chembe zilizochapuzwa sana hutoa nuru zinapopindwa na sumaku. Nuru hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1947 katika maabara moja nchini Marekani, nayo huwawezesha wataalamu kuupiga mwale picha bila kuugusa hata kidogo.

Ikumbukwe kwamba hakuna kifaa kimoja kinachojitosheleza. Kiwambo huthibitisha kipima-mahali, nuru husawazishwa na waya, na kila kimoja hukosolewa na kingine, kama mashahidi wanaohojiwa mmoja mmoja mbele ya hakimu.

Mwezi, Ziwa na Garimoshi

Upimaji ukifikia usahihi wa juu, huanza kuyafichua mambo ambayo hakuna aliyeyatafuta. Katika LEP, wanasayansi walihitaji kuijua nishati ya mwale kwa usahihi wa sehemu moja katika makumi ya maelfu, kwani walikuwa wakipima uzito wa chembe iitwayo Z. Kosa katika nishati lingekuwa kosa katika uzito. Ajabu ni kwamba nishati ilipanda na kushuka kwa kiasi kidogo katika muda wa siku moja, ilhali hakuna aliyeugusa mtambo.

Mwaka wa 1992 ilithibitishwa kwamba mhusika alikuwa mwezi. Mvuto wa mwezi na jua, ambao huijaza bahari wakati wa bamvua, huinua pia ardhi ngumu. Karibu na Geneva, ardhi huinuka na kushuka kwa takriban sentimita 25. Handaki la kilomita 27 hutanuka kwa hiyo kwa kiasi cha milimita moja. Masafa ya umeme uliozichapuza elektroni hayakubadilika, na kwa sababu hiyo urefu wa njia yake nao haukubadilika. Sumaku zilisogea pamoja na ardhi, elektroni zikabaki kwenye njia yake, zikawa zinapita nje kidogo ya kitovu cha sumaku za ncha nne. Hapo zilipindwa isivyotarajiwa na nishati yake ikabadilika. Kadhalika, kiasi cha maji katika Ziwa Geneva na mvua iliyolowesha ardhi viliacha alama zao katika vipimo.

Baada ya mwezi kueleweka, ilibaki kelele nyingine iliyotulia usiku wa manane na kuanza tena alfajiri. Mwaka wa 1995 chanzo chake kilipatikana: magarimoshi ya umeme. Sehemu ya umeme wao ilivuja kutoka relini, ikapita ardhini na kuingia katika bomba la kichapuzi, ikaubadilisha kidogo uga wa sumaku. Usiku magarimoshi yalipopumzika, kelele nayo ilipumzika. Athari hizi zote zilipohesabiwa na kuondolewa, uzito wa chembe Z ulijulikana kwa usahihi wa takriban sehemu mbili katika laki moja. Laiti kelele hizo zingepuuzwa, usahihi huo usingefikiwa.

Kupima ili Kurekebisha

Kupima na kudhibiti vilikutana kwa namna ya pekee katika kazi ya Simon van der Meer, mhandisi Mholanzi. Katika miaka ya 1970 wanasayansi walitamani kuzigonganisha protoni na kinyume chake, yaani antiprotoni. Antiprotoni ni haba: huhitajika takriban protoni milioni moja kugonga chuma ili ipatikane moja inayoweza kunaswa. Isitoshe, hutoka zikiwa zimetawanyika, kila moja na kasi yake na mwelekeo wake. Zilihitaji kutulizwa na kukusanywa kwa muda mrefu hadi ziwe mwale.

Wazo la van der Meer, alilolichapisha mwaka wa 1972, lilikuwa la kushangaza kwa wepesi wake. Kifaa kilichopo upande mmoja wa mviringo hupima wastani wa mahali pa chembe zinazopita. Ishara ya kipimo hicho hutumwa kwa njia ya mkato, ikakatiza mviringo, hivyo ikafika upande wa pili kabla ya chembe zenyewe, ambazo hulazimika kuzunguka. Huko kifaa kingine huzipiga chembe zizo hizo kikumbo kidogo cha kuzirudisha katikati. Kikumbo hicho hakimfai kila mmoja, maana kimekadiriwa kwa wastani. Hata hivyo, kikirudiwa mara mamilioni, mtawanyiko hupungua. Mwaka wa 1983 njia hii iliwezesha kugunduliwa kwa chembe W na Z, na mwaka wa 1984 van der Meer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Carlo Rubbia. Ni nadra tuzo hiyo kumwendea mtu kwa sababu ya ustadi wa kuuongoza mwale.

Ulinzi wa Mtambo

Nguvu za mwale zinapoongezeka, upimaji hugeuka kuwa suala la uhai wa mtambo. Mwale mmoja wa LHC, kwa kiwango cha usanifu, una nishati ya jouli milioni 362. Hicho ni kiasi cha nishati ya garimoshi la tani 400 linalokwenda kasi ya kilomita 150 kwa saa, na kinatosha kuyeyusha takriban nusu tani ya shaba. Nishati hiyo yote imo katika uzi mwembamba.

Kwa sababu hiyo, vipima-upotevu takriban 4,000 vimepangwa kando ya mviringo. Vingi kati yake ni mikebe iliyojaa gesi. Chembe zinapotoka njiani na kugonga ukuta, mnyunyizo wa chembe nyingine huifanya gesi hiyo ipitishe umeme. Upotevu ukizidi kiwango kilichowekwa, amri hutolewa bila kumsubiri mwanadamu, na mwale wote huondolewa mtamboni ndani ya mizunguko mitatu, yaani chini ya sehemu tatu za elfu kumi za sekunde. Sumaku maalumu huusukuma nje hadi kwenye gogo kubwa la grafiti. Katika msafara wa vishada huachwa makusudi pengo tupu, ili sumaku hizo zipate muda wa kuwaka bila kuikata katikati protoni yoyote njiani. Mwale nao huchorwa kama mwandiko juu ya uso wa gogo, maana ukilipiga mahali pamoja utalitoboa.

Ajali ya LHC ilitokea pale ambapo jicho lilikuwa hafifu. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tu baada ya shangwe, kiungo kimoja cha umeme baina ya sumaku mbili kilipata moto na kukatika. Cheche zilitoboa tangi la heliamu, tani kadhaa za heliamu zikavuja, na sumaku zikang’olewa mahali pake. Hapakuwa na mwale wakati huo. Tatizo ni kwamba mfumo uliokuwepo haukuweza kuhisi ukinzani mdogo uliokuwa ukikua ndani ya kiungo hicho. Ukarabati uliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mtambo ulipowashwa tena Novemba 2009 ulikuwa umewekewa mfumo mpya wa kuvipima viungo hivyo.

Kipimo Kinapopotosha

Yapo makosa yasiyokarabatika. Vichapuzi vingi duniani havimo katika maabara za fizikia bali katika viwanda na hospitali. Nchini Kenya, kama kwingineko, vichapuzi vidogo vya elektroni hutumika kutibu saratani katika hospitali za umma na za kibinafsi. Elektroni huchapuzwa katika bomba fupi, zikagonga kipande cha metali nzito, na mgongano huo ukatoa eksirei zinazoelekezwa kwenye uvimbe. Kati ya mwale na mgonjwa huwekwa mikebe ya gesi inayopima kiasi cha mionzi kila wakati na kuukata mwale kiasi kilichoamriwa kinapotimia.

Kati ya 1985 na 1987, mtambo mmoja wa namna hii ulioitwa Therac-25 uliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi mno. Angalau watatu walifariki kutokana na majeraha hayo. Mtambo ulikuwa na hali mbili za kazi. Katika hali ya eksirei, mkondo wa elektroni ulikuwa mkubwa takriban mara mia kuliko katika hali ya elektroni, kwa kuwa kizuizi cha metali kilisimama njiani. Katika mitambo iliyotangulia, vizuizi vya chuma na swichi za umeme viliuzuia mwale mkubwa kuwaka iwapo kizuizi hakipo mahali pake. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu ya kompyuta peke yake. Katika kituo kimoja mjini Tyler, Texas, mwaka wa 1986, mwendeshaji mwepesi wa vidole alirekebisha kosa la uchapaji haraka kuliko programu ilivyoweza kufuata. Mwale mkubwa ukawaka bila kizuizi.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, mikebe ya kupimia ilizidiwa na wingi wa mionzi, ikaonyesha kwamba mgonjwa alikuwa amepokea kidogo kuliko alivyoandikiwa. Pili, skrini ilionyesha maneno mafupi tu: hitilafu nambari 54. Maelezo ya nambari hiyo yaliyokuwepo hayakumwambia mwendeshaji lolote la kumsaidia. Mtambo ulikuwa umezoea kutoa jumbe za hitilafu mara nyingi kwa siku bila madhara. Mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea, na mgonjwa akapigwa mara ya pili. Ukweli ulijulikana baada ya mtaalamu wa fizikia wa kituo hicho na mwendeshaji kuketi mbele ya mtambo na kurudia vibonyezo vile vile hadi hitilafu ikajitokeza tena.

Suala la Lugha

Mkasa huu unalifikisha jambo la vichapuzi mlangoni mwa taaluma ya lugha. Ujumbe usioeleweka ni kipimo kisichosomwa. Iwapo Kiswahili kitatumika kumfunza fundi wa mitambo ya tiba, au kumweleza mgonjwa atakachofanyiwa, istilahi zake hazina budi kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya.

Mfano mmoja ni neno ‘mwale’ lenyewe. Kwa mazoea, mwale ni wa nuru. Likitumiwa kwa chembe, msomaji anaweza kudhani kwamba elektroni ni aina ya mwanga. ‘Boriti’, neno la wajenzi, lina uzito wa mti na halina mwendo. Kwa hivyo ‘mwale wa chembe’ ni chaguo linalofaa, mradi ‘wa chembe’ lisiachwe pale panapoweza kuzuka utata.

Mfano wa pili ni tofauti kati ya mwale uliopotea na mwale ulioondolewa kwa makusudi. Upotevu ni hatari, ilhali uondoaji ni uokozi. Kuuita uondoaji huo ‘kutupa’ kunaufanya usikike kama hasara. Lugha ya mabaharia ina ‘kutosa’, kitenzi kinachotumika nahodha anapoitosa shehena baharini ili chombo kinusurike. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika gogo la grafiti.

Mfano wa tatu ni ‘usahihi’. Saa iliyotangulia kwa dakika tano kila siku haibadiliki, lakini si sahihi. Sifa ya kutobadilika yafaa iitwe ‘uthabiti’, na ya kukaribia ukweli ibaki ‘usahihi’. Mikebe ya Therac-25 ingeweza kurudia jibu lile lile la uongo kwa uthabiti mkubwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba udhibiti wa mwale wa chembe hutegemea mnyororo wa vipimo: kiwambo, vibamba, waya, nuru na mikebe ya gesi. Imebainika pia kwamba mnyororo huo hukatikia pale ambapo kiungo hakikupimwa, kipimo kilizidiwa, au ujumbe haukueleweka. Ajali ya LHC iligharimu fedha na muda. Ile ya Therac-25 iligharimu maisha ya watu waliokwenda kutafuta tiba. Wanafizikia wamejifunza kuweka mashahidi wengi mbele ya mwale mmoja. Wanaisimu na wanaistilahi wa Kiswahili nao wana kazi ya kuhakikisha kwamba ushahidi huo, utakapotolewa kwa lugha hii, utaeleweka na yule ambaye kidole chake kiko juu ya kitufe.